Mchanga wa Igombe

Mwanzoni nilidhani ni mkwaruzo.
Mstari mwekundu juu ya unyayo wa Kabula,
unakwenda, unakata kona, unarudi ulikotoka
kama mlevi anayetafuta mlango wake usiku.
"Unawasha," alisema. "Na jana uliishia hapa,"
akaweka kidole nyuma kidogo ya ulipofika leo.

Mimi ni mtu wa maabara, zahanati ya ng'ambo ya barabara.
Kazi yangu ni yale watu wanayoyaonea aibu:
vikopo vilivyofungwa ndani ya mfuko ndani ya mfuko,
mwenye kuvileta anatazama dari.
Kwa hiyo sikuona haya kuinama ufukweni alfajiri
na kijiko mkononi, nikiwafuata paka.

Hawana mwenyewe, paka wale. Wana majina tu.
Shombo, wa rangi ya chungwa, sikio moja limeliwa.
Mama Mkwe, maana huingia bila hodi.
Hula matumbo ya sangara, hula panya, hula tulichotema,
kisha hushuka mchangani, palepale
ambapo jua likipanda akina Nyanzala watamwaga dagaa.
Huchimba kwa adabu. Hufukia.
Paka ana haya kutuzidi,
na ndiyo shida yenyewe:
angeacha wazi, tungekwepa.

Nilikoroga kijiko kile kwenye maji ya chumvi nzito,
chumvi ileile ya kayabo,
nikangoja robo saa.
Mchanga huzama. Mfupa wa dagaa huzama.
Mayai hupanda.
Chini ya lenzi niliyakuta yamejaa,
mviringo, meusi tumboni, ganda lina vishimovishimo
kama stafeli dogo kuliko vumbi.
Na mengine ya ganda jembamba kama chimni ya taa,
ndani chembe nne, nane, zinagawana nyumba.

Nikamweleza mama yake Kabula:
huyu aliye mguuni si wa kwetu.
Alitaka paka, akakuta mtoto. Hajui njia ya ndani,
atatambaa chini ya ngozi mpaka afe.
Huyo afadhali. Yule wa stafeli humezwa,
kwenye kucha, kwenye kiganja kisichooshwa,
naye hupotea mbali zaidi: ini, pafu,
na mara chache, jicho.
Nilipotamka "mara chache" nikaona haikumsaidia kitu.
Aliniuliza, "Jicho lipi?"

Jumamosi kukawa na kikao. Watu walitaka sumu.
"Ya elfu tatu tu," alisema Bugingo, "na tumemaliza."
Nyanzala akacheka, lakini si kicheko.
"Mwaka ule mbwa walipowamaliza paka,
panya walinitobolea magunia kumi na mawili.
Uliyalipa wewe?"
Bugingo akatazama ziwa.
Basi tukazungumza vichanja:
nyavu kuukuu juu ya miti, dagaa walale usawa wa kiuno,
watoto wavae ndala, lundo la mchanga wa ujenzi
lifunikwe turubai, mikono ioshwe, kinyesi kizolewe
kila siku, kabla mayai hayajaiva.
Miti ni ghali. Ndala hukatika.
Katibu aliandika yote kwenye daftari la mahudhurio,
kwa kuwa ndilo lililokuwepo.

Kabula alipewa dawa. Mstari umefifia,
umeacha kivuli cha kahawia anachowaonyesha wenzake
kwa peremende moja.
Nami nilinunua vidonge duka la mifugo,
nikakificha kimoja ndani ya kichwa cha sato.
Shombo alikula mashavu, akala ubongo,
akala macho yote mawili,
akakitema kidonge, kikavu, juu ya kiatu changu,
akashuka zake mchangani
kuchimba.

Hajamaliza kufukia, tayari niko nyuma yake
na kijiko.