Mstari Usiofungwa

Mara ya kwanza nilidhani imekufa.
Niliiamuru ianze kazi, ikanyamaza.
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
skrini nyeusi kama sakafu ya birika.
Nikangoja. Nayo ikangoja.
Chai ikapoa, ikaota utando.
Ndipo nikakumbuka: sikuipa kitu.
Ilikuwa imesimama barazani,
imepiga hodi mara moja tu,
na haiingii mpaka isikie mtu ndani.
Nikaandika *Langoni*, nikabonyeza.
Ikajibu *Langoni*.
Kumbe hai. Kumbe ilikuwa inasikiliza.

Ofisi yetu ya maji iko ghorofani,
juu ya duka la misumari na kamba.
Kila Alhamisi tunatuma ujumbe wa zamu:
Mkomani saa mbili, Gadeni saa tano,
Wiyoni, samahani, saa tisa usiku.
Majina yamo kwenye faili, jina kwa mstari,
nami huyamimina kwa ile alama yenye ncha,
faneli iliyolazwa ubavu:
upana wake kwa majina, ncha yake kwa skripti.
Soma mstari. Tuma. Rudi.
Soma mstari. Tuma. Rudi.
Mpaka hakuna.

Kadzo Charo alipanda ngazi mara tatu.
Amehamia Wiyoni kutoka Magarini,
mashine ya kushonea kichwani, watoto wawili nyuma.
"Maji yametoka nimelala," akasema.
"Nimenunua ya punda, madumu sita.
Jina langu limo au halimo?"
Limo. Nikamwonyesha kwa kidole,
mia nne na kumi na mbili, chini kabisa.
Akalitazama jina lake.
Akanitazama mimi.
"Basi hicho chombo chako kinasoma kama mwanangu wa pili.
Akiona ukurasa unakwisha, anafunga kitabu."

Nililala na maneno hayo. Sikulala.

Shee ndiye anayechapa majina.
Huandika jina, hubonyeza, hushuka chini,
huandika jina, hubonyeza, hushuka,
lakini la mwisho hulitaja tu na kuondoka,
swala imeadhiniwa, au njaa,
mstari ameuacha wazi kama mlango wa uani.
Na ile amri ndogo ya kusoma
hulisikia jina lote, herufi kwa herufi,
hulishika,
kisha hungoja kufungwa kwa mstari, haisikii,
faili imekwisha,
nayo husema: sikupata.
Jina li mkononi mwake, nayo inasema sikupata!
Na kitanzi, kwa kuwa hakina ila kutii,
kinafunguka, kazi imekwisha, usiku mwema.

Nikafukua faili za nyuma.
Kabla ya Kadzo, wa mwisho alikuwa Lali Athman.
Miezi miwili hakupata neno,
hadi Kadzo alipoandikwa chini yake
na mstari wake ukafungwa bila mtu kukusudia.
Kabla ya Lali, Tima Famau wa Gadeni.
Kabla ya Tima, jina silijui, alishahama.
Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kumbe kila mgeni tulimweka na kiu
mpaka aje mgeni mwenzake.

Dawa yake haikujaza hata nusu ya mstari.
Soma; au, ukishindwa kusoma,
tazama kwanza mkononi kama kuna kitu.

Alhamisi nikaimimina faili tena.
Nikahesabu kwa sauti, kama mtoto:
mia nne na kumi, na kumi na moja,
na kumi na mbili.

Shee bado habonyezi. Sikumwambia.
Simu ya ofisi ikalia, ujumbe mmoja,
namba ya Wiyoni:
*Nimepata. Lakini saa tisa usiku, Famau,
nani anafua saa tisa usiku?*