Mgongo Mtupu

Treni ya meno ilitupandisha asubuhi,
ikiing'ata reli taratibu kama mla muwa,
na baba yangu, Vendelín, alikaa dirishani
ameishika tiketi kwa vidole viwili.
Tiketi! Miaka thelathini na mmoja
aliipanda Tatra bila kuulizwa tiketi:
mtungi wa gesi, sukari, unga, pipa la bia,
kilo sabini juu ya fremu ya mti
aliyoichonga mwenyewe
nayo ikamchonga mabega.

Ni Julai. Hifadhi imejaa watu,
fimbo za alumini, kofia za rangi ya limau,
salamu kwa kila anayepita hadi mdomo unachoka.
Theluji imebaki kwenye korongo moja tu,
imechakaa kama shuka la hospitali.
Misonobari ya huku haivuki kiuno,
upepo umeifunza adabu.
Marmoti anapiga mluzi mawe yanapoporomokea,
kisha anakaa kimya, mnene, kama aliyeita mtu
akasahau alichotaka kumwambia.

Baba hatembei vizuri.
Si magoti; magoti ni mapya,
daktari wa Poprad aliyatia mwaka juzi.
Ni mgongo. Hauna kitu.
Anapepesuka kama mlango usiofungwa,
mikono inapanda kifuani kutafuta kamba,
inakosa, inashuka.

Kwenye kijito cha kwanza akainama.
Nikadhani anakunywa.
Akachagua jiwe, akalipima kiganjani, akalitupa,
akachagua jingine.
Mawe matano yaliingia mkobani, juu ya mkate wetu.
Akasimama, akavuta pumzi,
na njia nzima ikamtambua.

Askari wa hifadhi, msichana,
jina lake Blažena kifuani, aliona.
"Mzee, ni marufuku kutoa jiwe hifadhini."
"Sitoi," baba akasema. "Napandisha."
Akafungua kijitabu chake, akasoma, akageuza ukurasa.
Maua yalikuwemo, na uyoga, na pembe za paa,
na jiwe linaloshuka.
La jiwe linalopanda, hakuna aliyeliwaza.

Juu zaidi tulimpisha kijana mpagazi,
mzigo wake umempita kichwa kwa dhiraa nzima.
Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Si kwa baba. Alijibana mwambani,
akauhesabu, fundo kwa fundo:
"Gesi umeiweka juu mno."
"Najua, babu," kijana akajibu bila kusimama.
Babu.
Tulikwenda mwendo mrefu bila neno.

Kibandani, chai ni euro tatu.
Baba alikiinua kijiko cha sukari, akakitazama:
"Hiki ni hatua mbili. Labda tatu, kukiwa na barafu."
Akakitumbukiza. Akanywa.
Iliyobaki chini akaikomba kwa kidole.

Kisha akayatoa mawe, akayapanga mezani.
Žofka, mwenye kibanda, hakucheka.
Aliyabeba hadi kwenye mizani ya wapagazi,
akafungua daftari lililolowa na kukauka mara nyingi,
akaandika tarehe, akaandika Vendelín,
na kwenye safu ya bidhaa: mawe,
kilo nane na nusu.
"Malipo?" akauliza baba.
"Chai umeshakunywa."

Saa nane radi ikaanza kusogeza fanicha zake nyuma ya kilele.
Tulishuka haraka, tukisimama mara mbili
kwenye vichaka vya matunda meusi.
(Nayo yamo kijitabuni, nadhani. Hatukuuliza.)

Kwenye treni alisinzia mdomo wazi,
ulimi buluu, meno buluu,
tiketi imegeuka uji kiganjani.
Mkaguzi alipofika sikumwamsha.
Nilimwonyesha yangu,
kisha nikamwonyesha yangu tena.