Pua ya Datsun

Masalu alikata boneti ya Datsun ya marehemu baba,
akachomelea pua ya bati la pipa.
"Sasa litavuta pumzi."

Barabara ya Airport, alfajiri, sindano kwenye themanini:
upepo wa ziwa ukashuka kwenye kabureta,
baridi kama jiwe lililolala majini.
Tukaapa gari limeongeza farasi.
Wawili, labda. Labda ni kelele za bati.

Kilima cha Bugando, gia namba moja,
nyuma ya lori la dagaa. Upepo hakuna.
Sindano ya joto ikafika kileleni kabla yetu;
pua ikatema mvuke.

Nikafungua. Rejeta imezibwa
na wadudu wa ziwa, msimu mzima.
Masalu kimya, anawachokoa kwa mswaki.

Pua tumeiacha.
Baba naye alikuwa nayo.