Hakuna Mkarafuu

Saa sita ya usiku, Wete, juu ya duka la saruji,
feni inazunguka shingo upande
na ukurasa niliouahidi kabla ya msimu
unaniambia neno lile lile, mara ya arobaini:

    Hakuna lebo iitwayo mkarafuu
    katika maktaba uliyoitaja.

Maktaba niliitunga mimi.
Lebo niliitunga mimi, neno dogo kati ya mabano mawili yenye ncha:
ukurasa ukilikuta, seva ilipokee, iende ghalani,
irudi na jina la mkulima, uzito, daraja na shilingi zake.
Neno moja badala ya mistari sitini.
Nilijisifu nalo mbele ya wakubwa Unguja, hata wakaagiza soda.
Sasa limenikana.

Nikafungua faili la maelezo. Limo.
Nikalifuata kwa kidole kama mtoto wa chuoni na alifu zake. Limo!
Nikahesabu mabano: nilichofungua, nimekifunga.
Anwani ya juu ya ukurasa na anwani ya ndani ya maktaba
nikazilaza ubavu kwa ubavu, pacha.
Nikahamisha furushi folda hii, nikalirudisha folda ile,
nikafuta kurasa zote ambazo seva ilikwisha kuzitafsiri
isije ikawa inanisomea ya jana,
nikaizima, nikaiwasha,
nikaizima, nikenda kuchemsha maji, nikaiwasha.
Hakuna lebo iitwayo.
Nikaitukana seva. Nikamtukana aliyenishauri nisome kompyuta,
naye ni baba, Mungu amrehemu,
nikatubu.

Alfajiri Shaame akapiga simu kutoka kituo cha Mchanga Mdogo.
Mizani iko wazi, magunia yamepanga foleni,
watu wa Kangagani wamefika tangu usiku,
na skrini yake nayo imeandika maneno.
"Nisomee," nikasema, sijui kwa nini; nilikuwa nimeyahifadhi.
Akasoma polepole, kwa sauti yake ya kupimia:
"Hakuna lebo iitwayo nkarafuu.
We Biubwa, nkarafuu si huu hapa dirishani?"

Nkarafuu.

Ameona m, amesema n,
kama asemavyo nkono, nti, nchele,
kama nilivyosema mimi mpaka kidato cha kwanza, Mjini,
siku darasa zima lilipocheka
nikajifunza kufumba midomo.
Miaka kumi na minane nafumba midomo.

Nikarudi maktabani. Sikuliangalia neno, nililitamka.
Mstari wa thelathini na moja, herufi ya kwanza:
n.
Usiku ule wa kuiandika nilikuwa hoi,
mama ukumbini anachambua karafuu, anazungumza na majirani,
na nkono wangu ukamsikiliza yeye.
Macho yangu, yaliyosoma, yakawa yanasahihisha kila yanapopita.
Seva haisahihishi. Seva haijui nani alicheka.
Inataka jina la huku na la kule yalingane, basi.

Herufi moja. Ningeweza kuibadili kule kule maktabani,
ikawa sanifu, safi, ya kupelekwa Unguja.
Kidole kilikwisha kuwa juu ya kitufe.
Kisha nikaenda kwenye ukurasa, nikafuta m.

"Imetoka!" Shaame anapiga kelele juu ya kelele za watu.
"Ngwali Kombo, kilo kumi na saba na robo.
Lakini anagomba, anasema daraja si lake."
"Hilo mtazameni huko huko," nikamwambia. "Mimi nakwenda kulala."

Sikwenda. Nikaongeza mstari mmoja
pale ambapo seva huruka bila kusoma,
husoma watu tu, wale watakaokuja kufungua faili hili baada yangu:

    nkarafuu. Si kosa la chapa. Usisahihishe.