Shimo la Kumi na Saba

Gumersindo hapandi mizabibu, anaizika.
Shimo refu kushinda kimo chake
katika majivu meusi yaliyotapikwa na mlima
miaka sita mfululizo, zamani za babu wa babu,
mpaka jembe liguse udongo wa kale
uliowahi kuota ngano.
Ukingoni, upande utokako upepo,
ukuta wa mawe umejikunja nusu mwezi
kama kiganja kinachokinga mshumaa.

Huku Lanzarote mvua ni mgeni asiyevua viatu.
Majivu ndiyo yanayokunywa umande usiku
na kuubana kwa uchoyo
hadi mizizi ibishe hodi.

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema.
Kivuli cha hapa ni cha ukuta,
na ukuta ni wa mzabibu. Mtu atajijua.

Shimo la kumi na saba lilipandwa miwili:
mmoja wake, mmoja wa Eustaquia,
mwaka ule mwana wao alipopanda meli kwenda bara.
Wa Eustaquia umekauka. Ulikauka
kabla nguo zake hazijatolewa kabatini.

Mnunuzi wa kiwandani alimwambia:
ng'oa kisiki hicho, mzee, punguza kazi.
Gumersindo aliitazama mizani, si uso wake.
Malvasia, kilo mia nne kasoro.
Chupa ikifika mjini ina picha ya shimo
na bei ya kusomwa mara mbili.

Januari, baada ya kupogoa,
aliteleza shimoni kwa makalio,
akachagua tawi refu la mzabibu wake. Hakulikata.
Alilikunja taratibu, akilisemesha,
akalilaza ndani ya udongo
hadi pale kisiki kilipokuwa,
ncha ikabaki ikichungulia, macho mawili tu.
Litanyonya kwa mamaye miaka miwili, pengine mitatu,
likiotesha mizizi yake kimyakimya.
Ndipo kitovu kikatwe.

"Nani atakikata?" aliuliza mjukuu, Idaira,
mgeni wa wiki mbili, lafudhi ya Kadizi mdomoni.

Akapewa mkasi ashike.
Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani,
springi imeshika kutu.
Babu alikwisha kuanza kupanda,
majivu yakimjaa viatuni,
hatua mbele,
nusu hatua nyuma.