Mizani Imeharibika

Ubaoni, kule Nyegezi, niliandika kwa chaki iliyokatika:
"Jadili mikabala ya kuandika historia ya India."
Wanafunzi sitini na mmoja, madirisha wazi,
upepo wa ziwa ukipekua madaftari yao kabla yangu.

Niliwafundisha kama nilivyofundishwa:
yupo aliyeanza na wafalme, akaishia kwa magavana,
garimoshi likifika, anapiga makofi;
yupo aliyewashusha magavana
akapandisha mashujaa wake juu ya farasi walewale;
yupo aliyehesabu kodi, pishi za mpunga, miaka ya njaa;
na yupo aliyechelewa, akatega sikio mlangoni
kwa wale ambao kila hati huwaita "na wengineo".

Jumamosi nikashuka Mtaa wa Rufiji,
kwa Bi Hansa Kotecha, auzaye vifungo na nyuzi,
anisomee daftari la babake:
jalada jekundu, harufu ya karafuumaiti.
Herufi za Kihindi huning'inia kambani kama nguo uani.
Hizi za Kigujarati hazina kamba,
zimesimama zenyewe, peku.

"Agosti kumi na tano, arobaini na saba," nikasema,
nikingoja bendera.
Akalamba kidole, akafunua:
"Chumvi, magunia tisa.
Pamba, mwanamke wa Magu, ratili sitini na mbili.
Mafuta ya taa.
Mizani imeharibika."

Basi?

"Basi. Redio ilikuwa ya jirani, na betri zilikwisha."

Nikanakili mbiombio. Makala nilishaiona,
na tanbihi zake, na jina langu juu.
Kisha kalamu ikakwama penye mizani.
Iliharibika siku ile,
au siku ile ndipo ilipoandikwa?
Na kurasa zilizotangulia, ratili kwa ratili,
misimu yote ile ya wanawake waliotoka Magu
na mizigo kichwani, wakasomewa uzito na chuma kile,
mmoja wao bibi yangu Minza,
au siye; jina halikuandikwa.

"Iliharibika kuelekea upande gani?" nikauliza.

Bi Hansa aliukodolea macho ule mstari,
miwani ikamteleza puani.
"Baba alifunga kila Jumatatu," akasema,
"hata maji hakunywa."

Mteja akaingia, anataka utepe wa buluu,
yadi moja na nusu.
Bi Hansa akaupima.
Akaupima tena.