Kiganja cha Majivu

Mwaka wa kwanza nililisha kwa hofu.
Mamake Saimi alikuwa amekwenda Tampere na sofa,
akaniachia nyumba, kengele ya mlango isiyolia,
na miche ishirini na minne ya stroberi
ambayo sikuwahi kuipa hata salamu.

Nikanunua mfuko wa mbolea wenye picha ya tunda
kubwa kama ngumi ya mtoto.
Nikamwaga. Jumamosi nikamwaga tena,
kama mtu anayemjazia mgeni sahani
asije akapata nafasi ya kuuliza habari za nyumbani.

Majani yakaja. Loo, majani!
Mapana, yamekolea, yanasukumana,
na chini yake matunda saba.
Saba; niliyahesabu nimepiga magoti.
Kerttu akachungulia juu ya ua, kikombe mkononi:
"Raimo, umefuga majani."
Akarudi zake ndani.

Basi nikajifunza, si kwa kitabu, kwa goti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na stroberi ni mvungu mtupu:
unafunua jani, unafunua jingine,
unamkuta konokono ameshajikaribisha.

Nikajua moyo wa mche haufukiwi;
udongo ufike shingoni, usifike kinywani.
Nikajua kutandika mabua ya shayiri
kabla tunda halijalala topeni,
na kunywesha asubuhi, mizizini, polepole.
Na kwamba usiku wa Juni, hapa Kuopio,
jua likiwa halijui pa kwenda,
baridi huingia saa nane kama mwizi mwenye ufunguo,
na ua lililoguswa hubaki na jicho jeusi katikati,
jicho lisilozaa.
Nililala na viatu. Shuka zote za nyumba zilikuwa bustanini.

Majivu ya sauna: yapoe, yachekechwe misumari,
kiganja kimoja kwa mche.
Mkono wangu ulitaka viwili.

Julai Saimi akashuka kwenye treni, miaka kumi na mmoja,
na miguu niliyokuwa siijui.
Alikula bila kuosha, bila kuketi,
mchanga ukilia menoni,
akaniambia tunda lililotobolewa na ndege ndilo tamu zaidi.
Siku tisa.
Alama za vidole vyekundu kwenye swichi ya taa
sikuzifuta.

Kisha Agosti.
Matuta yamechoka, majani yana madoa ya zambarau,
miche inarusha mikono huku na huko
kutafuta pa kushika;
mmoja umeshavuka ua kwa Kerttu.
Huo nikauacha. Mingine nikaikata kwa mkasi wa jikoni,
nikafyeka majani makuukuu, nisiguse moyo,
nikapalilia, nikaweka mboji, nikanywesha
mimea isiyokuwa na kitu cha kunipa.

Kerttu aliniambia mara moja tu, akirudisha koleo langu:
ua la mwakani linafanyika sasa,
siku zikifupika, humo ndani,
hata ukipasua hulioni.
"Njaa ya Agosti," alisema, "utaiona Juni."

Jumapili hupiga simu Tampere.
Shule? Sawa. Paka? Yupo. Mvua? Kidogo.
Zamani ningemwaga maswali mfuko mzima.
Siku hizi nauliza moja, nanyamaza,
namsikiliza akitafuna kitu upande wa pili,
karoti labda, au mkate mkavu.

Novemba, theluji ikiwa imetangazwa kwa usiku ule,
akakatiza kimya mwenyewe:
"Baba, umezifunika?"

Nilikuwa nimezifunika tangu saa tisa,
matawi ya msonobari juu ya kila tuta,
glavu bado zinanuka utomvu mezani.

"Bado," nikasema. "Hebu nieleze, nianzeje?"

Akanieleza.
Dakika kumi na mbili, bila kupumzika,
na mengine alikosea.